Saa Iliyotangulia Jua

Nyumba ya Memsahib Lorimer kule Diani ilijaa saa, na hakuna hata moja iliyokuwa ikienda.

Sajini Mwero Garama alisimama katikati ya ukumbi, kofia kwapani, akizikagua moja moja. Zilikuwako za ukutani zenye milango ya kioo, zilikuwako za mezani zenye miguu ya shaba, na pembeni ilisimama moja ndefu kumpita yeye mwenyewe. Kwa kawaida nyumba za watu aliozizoea zilikuwa na saa moja tu, tena imefunikwa kitambaa isipate vumbi. Hapa saa zingetosha mtaa mzima, na bado ukitaka kujua wakati ilikubidi uchungulie jua dirishani.

"Hapana gusa," Memsahib alisema akitoka jikoni. "Angalia kwa macho."

Alikuwa mjane, ameteremka kutoka bara mambo yalipochafuka huko, na sasa alikuwa akiijenga nyumba ya wageni. Kiswahili chake alikiokota mashambani na hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Mwero alikuwa hapa kwa ajili ya saa moja tu. Saa ya msikiti wa Msambweni ilikuwa imetoweka ukutani. Saa ile ilikuwa wakfu, na kitu cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakitolewi zawadi. Hata aliyekitoa hana tena ruhusa ya kukirudisha kwake. Alfajiri ya siku ilipopotea saa hiyo, wanawake waliokuwa kisimani walimwona Athmani, mtumishi wa Memsahib, akitoka upande wa msikiti na mzigo uliofungwa kanga. Siku hiyo hiyo Mwero alimtia mbaroni. Athmani hakukana, hakukubali, hakusema neno. Kesho asubuhi gari la polisi lingemchukua kumpeleka mahakamani Mombasa, na kijana wa watu angerudi kwao akiwa na jina la mwizi wa msikiti, jina lisilotoka hata kwa sabuni.

Na Athmani alikuwa shemeji yake. Alikuwa ndugu wa tumbo moja na Esha, mkewe Mwero. Hapo ndipo palipomkera Sajini usingizini, kwa kuwa alijua vizuri kwa nini alifanya haraka vile. Alitaka watu waone kwamba Mwero hapendelei wa kwake. Walimwona, wakamsifu, na tangu siku hiyo Esha hakumsemesha. Alipika, akamwekea sahani yake kimya, kisha akafunga bakuli jingine kwa kitambaa na kuliweka kando ya kofia yake ya kazi, alipeleke mahabusu.

"Memsahib," alisema, "wewe huchaguaje saa?"

Bibi yule alifurahi. Inaonekana hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kwanza mimi naangalia mti yake. Kama iko mti nzuri, nyeusi, nachukua. Halafu uso. Uso lazima iko mzee kidogo, namba ya Waarabu, ile mimi napenda sana. Halafu naangalia ukuta. Saa moja, ukuta moja. Hapana weka juu ya kiti, watu nagonga kichwa. Weka mbele ya dirisha, asubuhi jua napiga uso yake, basi, chumba nakuwa nzuri."

"Na mashine yake?"

"Mashine hapana kitu. Mashine napiga kelele, wageni hapana lala."

"Kwa hivyo saa nzima na saa mbovu kwako ni mamoja."

"Mbovu iko bora. Nanyamaza yenyewe."

Mwero alitikisa kichwa. Watu wa Vanga na Gazi walikuwa wamemwuzia bibi huyu saa za babu zao wakidhani anataka kujua wakati. Ndipo alipoona kwamba saa zote ukumbini zilionyesha wakati mmoja: akrabu fupi kwenye kumi, ndefu kwenye mbili.

"Mimi naweka hivyo," Memsahib alisema alipoona anatazama. "Mikono juu namna hii, uso yake nacheka."

Saa za namba za Kiarabu zilikuwa mbili, zimewekwa kwenye kuta zinazokabiliana. Zote zilikuwa na mbao nyeusi, zote na kioo kilichofifia. Mwaka mzima Mwero alikuwa akisali mbele ya moja kati yake, na sasa hakujua ni ipi. Hakuna anayeitazama saa ya msikiti kwa sura. Mtu huitazama ajue amechelewa kiasi gani.

Aliomba ruhusa ya kufungua milango ya kioo. Uso wa saa ya kwanza ulikuwa safi. Ya pili ilikuwa na doa. Karibu na kumi na mbili rangi nyeupe ilikuwa imeliwa mpaka bati likaonekana, na pembeni pake pamekuwa peusi kwa mafuta ya vidole. Kama akrabu zingekuwa zimesimama juu, zingelifunika. Kwa kuwa Memsahib alitaka uso ucheke, doa lilibaki wazi.

"Hii ndiyo," Mwero alisema.

"Wewe najuaje?"

Mwero alimweleza polepole. Msikitini siku mpya huanza jua linapotua. Kila Magharibi, mwadhini hulitazama jua kwa macho yake, likizama yeye huingia ndani, hufungua kioo, na kwa kidole huzipeleka akrabu zote mbili kwenye kumi na mbili. Hufanya hivyo leo, kesho na keshokutwa, miaka kwa miaka. Saa ya nyumbani kwa mtu haiguswi hivyo.

Alipokuwa akieleza ndipo alipoona jambo jingine. Doa lilikuwa upande mmoja tu. Lilikuwa kuliani, kati ya kumi na mbili na moja. Saa inayochelewa husukumwa mbele, na kidole kingechakaza upande wa kushoto. Hii, kila siku jua lilipotua, akrabu ilikuwa imekwisha kupita, na mtu akairudisha nyuma.

"Saa hii hukimbia," alisema.

"Nakimbia sana! Siku ile ya kwanza mimi natia ufunguo, najaribu. Athmani nasema, 'Memsahib, hii usiitie ufunguo. Hii imeshafanya dhambi ya kutosha.' Mimi nacheka sana. Saa nafanya dhambi!"

Mwero hakucheka. "Ulimpa nini Athmani kwa saa hii?"

"Hapana kitu. Yeye hapana taka pesa. Nataka saa mpya, nzuri, ya kupeleka msikiti. Mimi naagiza Mombasa, bado kufika."

Sajini aliitazama saa tena. Ni mwizi gani anayeuibia msikiti saa mbovu ili autafutie nzima?

"Mbona hukuniambia haya, Memsahib?"

"Wewe hapana uliza. Wewe nakuja, nakamata boi yangu, nakwenda."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ulimkaa vibaya. Aliomba kuona ile kanga iliyofungia saa. Memsahib alikuwa ameitandika chini ya chombo cha maua. Ilikuwa nyekundu, ya pindo jeusi, kuukuu lakini imefuliwa vizuri. Kanga huuzwa kwa doti, na doti ni vipande viwili. Hapa palikuwa na kimoja, kimekatwa kwa mkasi na kupindwa kwa mkono. Kipande chake cha pili kilikuwa kwa mtu fulani. Mwero alikikunja akakitia ndani ya kofia.

*

Athmani alikuwa ameketi sakafuni mwa mahabusu, amenyoosha miguu. Mwero aliingia mwenyewe, akaketi naye sakafuni, akamfungulia bakuli. Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka.

"Esha hajambo?"

"Hajambo. Hasemi nami."

"Ana haki yake," Athmani alisema, akanawa, akala.

Mwero aliitandaza kanga katikati yao. Mkono wa Athmani ulisimama kabla ya kufika mdomoni.

"Shemeji, sikuulizi ni ya nani," Mwero alisema. "Nakuuliza jambo jingine. Saa imefanya dhambi gani?"

Athmani alimeza tonge. "Nimekula yamini, shemeji. Nimeshika Msahafu. Nikisema nitakuwa nimeikwepa jela ya Mombasa, nimeingia pabaya zaidi."

"Hata ukifungwa?"

"Hata nikifungwa. Kifungo kina mwisho."

"Basi usiseme. Nitasema mimi, wewe kula tu. Ramadhani iliyopita ilikuja na masika. Wiki nzima jua halikuonekana, mawingu matupu. Mwadhini hakuwa na jua la kuirekebishia saa, na saa hii hukimbia. Ikakimbia leo, ikaongeza kesho, ikaongeza keshokutwa."

Athmani aliacha kula. Alilitazama bakuli, na hakuinua macho, na machozi yalipoanza kumtoka Mwero alijua amefika.

Alijua pia kwa sababu nyingine, na hii hakumwambia shemeji yake. Aliikumbuka jioni moja ya wiki ile. Adhana ilikuwa imetoka, yeye na Esha wameketi mkekani, kaimati za moto zimewekwa mbele yao. Mawingu yakapasuka, mwanga wa jua ukaingia dirishani ukaanguka juu ya sahani. Esha akasema, "Mume wangu, mbona jua lipo?" Naye, kwa njaa na kwa uvivu wa kufikiri, akamjibu, "Adhana si imetoka? Kula." Upelelezi wake wote wa miaka mingi, na jua lilimwangukia sahanini akalila pamoja na kaimati.

*

Mzee Waziri, mwadhini, aliishi nyuma ya msikiti katika nyumba ya makuti. Mwero alibisha hodi baada ya sala ya Alasiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu ndani."

Kulikuwa na mkeka, kitanda cha kamba, na birika la kahawa ambalo jirani alikuwa ameliacha mlangoni. Mzee alimmiminia mgeni. Akajimiminia na yeye, kikombe akakiweka sakafuni mbele yake, akakisahau. Alikuwa amekonda. Mishipa ya shingo iliyokuwa ikiuamsha mji alfajiri ilikuwa imetokeza yote. Watu walisema ni majonzi ya mkewe, Bi Mishi, aliyefariki Mfungo Mosi, siku chache tu baada ya Idi.

"Kahawa yako inapoa, mzee."

"Nitainywa."

Juu ya mto wa kitanda kulikuwa na kanga iliyokunjwa. Ilikuwa nyekundu, ya pindo jeusi. Mwero alitoa ile ya kofiani akaiweka juu ya mkeka.

Mzee Waziri aliichukua, akaisogeza puani.

"Imeshika harufu ya maua ya kizungu," alisema.

"Ni ya Bi Mishi?"

"Ni ya Mishi. Niliona saa isiende uchi, ni kitu cha msikiti."

"Ulimpa Athmani mwenyewe."

"Nilimpa mwenyewe. Nilimshikisha Msahafu asinitaje. Nilidhani mpya itafika kwanza, niitundike, niseme ni sadaka ya mtu. Nikachelewa. Watu wakauona ukuta mtupu, wakapiga kelele ya mwizi, na ulimi wangu ukanifia mdomoni." Alipangusa uso. "Mwanangu, Ijumaa walisoma Halbadiri kumwapiza mwizi. Unajua nilifanyaje? Niliitikia amina. Nilijiapiza pamoja nao, kwa sauti, mstari wa mbele."

"Kwa nini uliitoa?"

"Huijui sababu? Hukuja hapa kwa kubahatisha."

"Naijua. Nataka uiseme wewe."

Mzee alitazama mlangoni. Nje kuku walikuwa wakiparua mchanga.

"Niliadhini kabla ya wakati," alisema. "Mawingu yalikuwa mazito, nikaiamini saa. Niliadhini, nikatia tende mdomoni, nikatoka nje nisukutue. Mawingu yakafunguka upande wa bara. Jua lilikuwa limekaa juu ya minazi, zima. Nikaitema ile tende. Mji wote ulikuwa unakula, Mwero. Nilisikia vijiko. Ningepiga kelele wakati ule, ningewaambia, 'Jamaa, acheni, siku imetuharibikia, mtailipa baada ya Idi.' Maneno hayo tu. Nikaona haya. Nikasema nitawaambia kesho. Kesho nikasema keshokutwa. Kisha Idi ikafika, kisha Mishi akaugua."

"Naye hakujua."

"Alikufa hajui. Mke wangu mwenyewe. Ameingia kaburini na deni la siku juu ya shingo yake, na mimi nilikuwa nikimpa uji kwa kijiko na sikumwambia." Sasa alilia, bila kujificha. "Kila Magharibi nilikuwa naifungua ile saa, naitazama, nayo inanitazama. Sikuiweza tena."

Mwero alikitazama kikombe cha kahawa kilichopoa. Hapo alikuta jambo ambalo hakulitafuta.

"Mzee, wewe umefunga."

"Nimefunga."

"Leo si Jumatatu wala Alhamisi, siku za sunna. Unafunga nini?"

"Nalipa."

"Yako?"

"Yangu nilikwisha. Nililipa ya Mishi. Halafu nikaanza mtaa. Nyumba hata nyumba, kila mtu siku yake, mkubwa kwa mdogo aliyekuwa akifunga. Toka baada ya Idi, sijaacha isipokuwa nilipougua."

"Lakini mzee wangu, siku ya mtu aliye hai hailipwi na mwenzake. Hata mimi niliyekuwa nikitoroka chuo cha Kurani nalijua hilo."

"Nami nalijua. Sasa ulitaka nifanye nini? Niketi nile?"

Mwero alikuwa amekuja na pingu mfukoni, na alizihisi zikimkalia pajani. Aliuliza swali moja zaidi, kwa mazoea ya kazi tu.

"Leo unamlipia nani?"

Mzee Waziri aligeuza uso ukutani.

"Mtaa wenu nimeufikia jana," alisema. "Jana alikuwa Esha. Leo ni wewe."

*

Magharibi ile Mzee Waziri aliadhini akiwa amelitazama jua mpaka likazama lote. Sala ilipokwisha alisimama mbele ya watu, amemshika Mwero begani asianguke, akasema yote. Alisema ya saa, ya tende, ya Bi Mishi, ya Athmani na ya ile amina. Mzee Chome, ambaye wiki nzima alikuwa akidai mwizi akatwe mkono, ndiye aliyefungua kinywa.

"Kwa hivyo sote hapa tuna siku ya kulipa?"

"Sote," Mwero alijibu kwa niaba ya mzee. "Na mimi wa kwanza, maana mimi nililiona jua."

Mzee Chome alivuta ndevu. "Basi ni kesho," alisema, akatafuta viatu vyake. Habari ya saa na wakfu waliiacha kwa kadhi. Mashtaka waliyafuta usiku huo huo, na Athmani alirudi kwa dada yake.

Alfajiri Mwero alimwambia Esha asimwekee chai.

"Nafunga. Nalipa ile siku."

Esha alimtazama. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu kukamatwa kwa nduguye, na inaonekana alikuwa ameliweka akiba.

"Mimi nililipa zamani, Mfungo Mosi. Nilikuambia jua lipo, ukaniambia kula."

Landrova ya polisi ilifika asubuhi kumchukua mfungwa. Mwero alimwonyesha dereva karatasi ya kumwachia, akamwomba radhi kwa safari ya bure. Dereva alikuwa mtu wa bara, amechoka, akaenda kutafuta kitu cha kutia tumboni. Alirudi amekunja uso.

"Sajini, mji huu una nini? Nimepita mikahawa yote, hakuna moto. Mama mandazi hakukaanga. Ramadhani si iliisha kitambo?"

"Kuna siku moja tulikuwa hatujaimaliza," Mwero alimwambia.

"Lakini yule mzee kule msikitini mbona anakula?"

Mwero aligeuka. Kwenye kibaraza cha msikiti, Mzee Waziri alikuwa ameketi kati ya wanawake wa mtaa mzima. Walikuwa wamempikia uji wa mtama, wakamkalia pale pale kuhakikisha. Esha ndiye aliyeshika bakuli. Mzee alikuwa analia na kukataa, na Esha alikuwa akimpelekea kijiko mdomoni.

"Kula, baba," alikuwa akimwambia. "Jua lipo, na wewe kula."